Siku Musa Alipopanda Dirishani

Kazi ya kwanza niliyoikamilisha kwa mikono yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, ilimfanya Nabii Musa avue viatu, apande dirishani na kumtoroka shangazi yake aliyekuwa amelala baada ya kushiba pilau. Nawaambia mapema, nyinyi vijana wa kikundi cha kusoma hapa Kaloleni mnaoniita Nyanya Vitabu na kunikalisha kiti cha mbele, ili mkinisikia nikijisifu mjue anayejisifu ni nani.

Mliniuliza swali moja tu: nilianzaje kupenda kusoma. Mlitaka jibu fupi, niliona vile mlivyotoa simu mnirekodi. Jibu fupi sina, ndiyo maana nimeamua kuandika. Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu hapa Voi miaka thelathini na kitu, mpaka vidole vilipoanza kukataa sindano, na katika karakana yetu kusoma lilikuwa kosa. Mpishi anayeonja nyama ya wageni alikuwa na nafuu kuliko fundi aliyeonekana akisoma kitabu cha mteja. Kwa hivyo nilianza kusoma kwa wizi. Labda ndiyo sababu mpaka leo nikifungua kitabu kipya moyo hunidunda, nikageuka kuangalia mlangoni, na mlangoni hayupo mtu.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyoharibu. Chukua kitabu kinene ukitazame kutoka juu, pale kwenye uti wake. Utaona kimeundwa kwa vifurushi vidogo vidogo. Kila kifurushi ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa kurasa kumi na sita. Sisi tuliviita vikunjo. Biblia ikiletwa imekatika uti, unaivua jalada, unatenganisha vikunjo, unasugua gundi ya zamani, unavishona upya kimoja kimoja, unatia gundi, unabana kwa jeki ya lori, unavisha jalada. Uzi unapitishwa kwanza kwenye nta ya nyuki ili usikate karatasi. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa uji mzito, na ndani yake maji ya mwarobaini, la sivyo mende watakula kazi yako na kukuachia uzi peke yake. Hapa Voi gundi hukauka kabla hujamaliza kuipaka. Huko juu milimani haikauki mpaka ukate tamaa. Kitabu cha Wundanyi kikishuka huku hupinda jalada lake kwa joto, na mwenyewe anadhani umemfanyia ubaya.

Kila mahali palikuwa na vumbi lake. Kuna mwalimu wa Kishushe aliyekuwa akituletea gunia la vitabu vya shule kila gari lilipopatikana, na huko magari ni ya kuhesabu kwa vidole. Ukikung'uta kitabu cha Kishushe kilitoa mchanga mweusi unaong'aa, mchanga wa mawe ya chuma. Nilikuwa nikipitisha sumaku juu ya kurasa za hesabu, na mchanga unasimama kama nywele za paka aliyeona mbwa. Nilicheka peke yangu kila mara. Kazi yoyote ikikupa kitu cha kucheka peke yako, ishike kwa mikono miwili.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mzee Mwakima. Mrefu, mkimya, mwenye shati la kola lililofungwa mpaka kifungo cha juu hata joto likiwa la kuchemsha mabati. Mikono kama yake sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, akiwa ameupa mlango mgongo, huku akiongea na mteja. Maandishi ya dhahabu kwenye majalada aliyapiga yeye. Mteja alimwandikia jina kwenye kipande cha karatasi, naye analinakili jaladani herufi kwa herufi, polepole, kwa uzuri wa kutia haya. Kila kazi aliifungia uzi wa rangi: nyekundu kitabu cha fulani, kijani cha fulani. Hakuandika jina la mteja popote. Mimi niliona ni mtindo wa mafundi wa zamani.

Sheria yake ilikuwa moja. "Fundi hasomi," aliniambia siku ya kwanza. "Ukisoma, sindano inasimama. Sindano ikisimama, mimi na wewe tumeachana. Utapanda gari urudi kwenu Wusi ukalime."

Kila kazi ikiisha aliipekua mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa, midomo ikihesabu. Halafu anachukua penseli nyekundu na kuweka alama ndogo ya vema ndani ya jalada la nyuma, na kusema, "Nimekagua mimi mwenyewe." Hapo kazi imeisha, hata rais angekuja kuibishia.

Sasa, kunikataza mimi kusoma kulikuwa sawa na kumkataza mbuzi kuangalia sukuma. Nilikuwa na ugonjwa huo tangu utotoni. Nilipokuwa darasa la tano niliazima hadithi moja kwa rafiki yangu, nikakaa nayo jikoni kwa nyanya yangu, Nyanya Mkawasi, nikichambua maharagwe kwa mkono mmoja. Katika hadithi hiyo punda mzee anauzwa, na njia nzima anageuka kumwangalia aliyekuwa bwana wake. Nililia mpaka kamasi. Nyanya akaingia, akaniona, hakuuliza neno. Akajua kuna mtu ameniwekea hasira moyoni, na hasira ya mtu iliyofichwa huweza kumletea mwingine ugonjwa. Akafanya vile Wadawida wa zamani, wazee wetu wa Taita, walivyofanya: akapiga funda la maji, akayapuliza nje kwa mdomo, mara mbili, mara tatu, akiomba mwenye hasira apoe na moyo wake uwe mweupe. Huko ndiko kutasa. Alipomaliza akajifuta kidevu, akaniuliza, "Haya, ni nani huyo aliyekukosea?"

Nikasema, "Ni mtu wa kitabuni, Nyanya. Ameuza punda."

Akanitazama sana. "Basi nimemwaga maji ya watu bure," akasema, akachukua ungo wake. Lakini kabla hajatoka akarudi. "Na huyo punda alifika wapi?"

Kwa hivyo alipokuja Mama Kanini na riwaya yake, mimi nilikuwa nimeshashindwa zamani. Mama Kanini ni Mkamba aliyehamia Voi akiwa msichana, anauza mboga sokoni, na riwaya ile ilikuwa imezunguka mikononi mwa wanawake wa soko lote mpaka ikawa majani matupu. Ni hadithi ya Rehema, mshonaji cherehani, aliyeahidiwa na shangazi yake kwa mwenye duka la simiti wakati moyo wake uko kwa Juma, fundi wa baiskeli. Mzee alikuwa amenikabidhi kazi mbili nizikamilishe mwenyewe, za kwanza tangu niajiriwe: hiyo riwaya, na kitabu cha mahubiri ya mwaka mzima cha kanisa letu la Wusi. Pasta wetu alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, na Jumapili asipofika, Mwalimu Mnjala, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, alisoma mahubiri kutoka kitabu hicho.

Vitabu hivyo vilikuwa na urefu mmoja, upana mmoja, karatasi ile ile ya rangi ya chai. Vyote viwili viko mezani, vimevuliwa majalada, vikunjo vimepangwa. Mimi niko kwenye kikunjo cha nane cha Rehema, ukurasa wa mia na kumi na tatu mpaka mia na ishirini na nane. Shangazi amekula pilau, amelala mchana kweupe. Rehema anavua viatu anapanda dirishani. Chini yuko Juma na baiskeli, na baiskeli, jamani, imetoboka gurudumu. Fundi wa baiskeli, siku hiyo ya siku zote, ametoboka. Nilisoma kurasa hizo mara sita. Mara ya sita nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitambaa cha gundi ili nisicheke kwa sauti, na nikasikia viatu vya Mzee uani. Nikarudisha kikunjo mezani haraka, kando ya mwenzake wa nane wa mahubiri, nikashika sindano, nikashona kwa bidii ambayo ilipaswa kumtia shaka.

Mzee akapekua vitabu vyote viwili. Mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu, mia na kumi na nne. Namba zilifuatana bila hitilafu. Akaweka alama zake nyekundu. "Nimekagua mimi mwenyewe." Halafu akaniambia, bila kuniangalia, kwamba mshono wangu umenyooka. Nilifurahi siku nzima.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani Wusi. Nimekaa kanisani kando ya Nyanya, nimenyoosha shingo kukiona kitabu changu mimbarini, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Pasta hakufika. Mwalimu Mnjala akafungua mahubiri ya siku hiyo, ambayo yalikuwa ya Musa na kichaka kinachowaka. Mwalimu alisoma vile alivyowasomea watoto imla miaka arobaini, kwa sauti ya juu iliyonyooka, bila kujisikiliza. Akafika mwisho wa ukurasa. "Naye aliposikia sauti ikimwita kwa jina lake, mara," akasema, akageuza, "akavua viatu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ni sawa, hata Biblia inasema.

"Akavishika mkononi, akapanda dirishani taratibu, asije akamwamsha shangazi."

Mimi niliganda. Nyanya akanisogelea sikioni. "Kumbe Musa alikuwa na shangazi?"

Mwalimu akaendelea. Nadhani alijua kuna kitu, lakini mtu aliyezoea imla hakatizi sentensi. Shangazi akakoroma. Juma akanyoosha mikono. Wanawake wa viti vya nyuma waliacha kubembeleza watoto. Mzee mmoja aliyekuwa na desturi ya kusinzia kuanzia salamu mpaka baraka aliamka, akauliza jirani yake ni nini kimetokea. Gurudumu likatoboka, na kanisa zima likasema "Aaa" kwa masikitiko. Ni pale Juma alipomshika Rehema kiuno ndipo Mwalimu aliponyamaza. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa, akatazama ukurasa tena, na kiuno bado kilikuwa pale pale.

Kutoka nyuma ikaja sauti ya mama mmoja, ya upole kabisa: "Endelea, Mwalimu."

"Tusimame tuimbe," akasema Mwalimu.

Niliimba nikitetemeka, na ni aibu kusema, nusu ya kutetemeka ilikuwa kicheko. Sijawahi kuona watu wakitoka kanisani wamechangamka vile. Walisimama njiani vikundi vikundi wakibishana kama shangazi ataamka. Lakini nilipokuwa nikishuka kurudi Voi kicheko kilikwisha. Nilijua sheria. Nilijua pia nyumbani kuna nini kinaningoja: jembe, kuni, na shamba la mteremko unaolimwa kama mtu anayepanda ukuta. Na zaidi ya hayo, hakuna kitabu hata kimoja kijiji kizima ambacho sikuwa nimekisoma mara mbili. Nikipoteza ile meza ya Mzee, nimepoteza vitabu vyote vya Voi kwa mkupuo mmoja.

Jumanne asubuhi Mwalimu Mnjala alishuka. Aliweka kitabu mezani, akakifungua, akakisukuma mbele ya Mzee Mwakima.

"Mzee, soma hapo. Soma kwa sauti, usikie nilichowasomea watu wa Mungu."

Mzee akakishika. Akakitazama. Akakigeuzia upande wa mwanga, akakitazama tena, muda mrefu. Jasho likamtoka juu ya kile kifungo cha kola.

"Sina miwani," akasema.

Nikainua uso. Mtu anayetunga uzi bila kutazama, miwani ya nini? Sikuwahi kumwona na miwani hata siku moja. Na hapo vitu vyote vikaja pamoja kichwani mwangu: nyuzi za rangi, vile vipande vya karatasi alivyonakili kama mtu anayechora maua, midomo inayohesabu namba. Mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu. Mzee wangu alijua namba. Herufi hakujua hata moja.

"Lakini alama yako hii hapa," Mwalimu akasema. Alikuwa amefungua jalada la nyuma. "Wewe husema umekagua mwenyewe. Ulikagua nini, kama kiuno cha mwanamke kilikupita?"

Mzee akafungua mdomo. Niliona kabisa kwamba anataka kusema kweli, na kwamba akiisema, kufikia jioni hakuna kanisa wala shule wilaya nzima itakayomletea kitabu. Nani atampa kitabu fundi asiyejua kusoma? Nikasimama, gundi mikononi.

"Ni mimi, Mwalimu. Mzee hakukiona. Alikuwa na kazi nyingi, nikaweka alama yake mimi mwenyewe bila ruhusa."

"Umeiga alama ya mkuu wako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu akamgeukia Mzee. "Msichana wa namna hii mahali pake ni shambani. Mimi namjua nyanya yake, nitamweleza mwenyewe."

Mzee Mwakima akafunga kitabu, akakivuta upande wake wa meza. Halafu akasema, "Mwalimu, kitabu chako utakichukua Ijumaa. Na huyu msichana ni wa karakana yangu. Adhabu yake nitampa mimi."

Mwalimu alipoondoka, Mzee akafunga mlango. Akakaa. Akafungua kile kifungo cha juu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akikifungua.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu saa hii. Miwani."

Akacheka puani. Akaniambia aliingia kazi hii akiwa mfagiaji katika karakana moja ya misheni, akajifunza kwa macho, akawa fundi kabla mtu hajakumbuka kumuuliza kama amesoma. "Watu wakikuona na kitabu mkononi kila siku, hakuna mwenye kukuuliza," akasema. "Na mimi nikaona haya kujiuliza." Akanyoosha vidole vyake vizuri juu ya meza. "Sasa adhabu yako. Nenda sokoni kwa Mama Kanini, mwambie tunataka kukaza mshono. Ukirudi unisomee hiyo kitabu. Yote, kutoka mwanzo. Nimeshona vitabu hii miaka yote, Wakesho, na sijui hata moja inasema nini."

Nilikimbia mpaka sokoni nikilia na kucheka kwa zamu.

Kumbe Mama Kanini naye alikuwa na habari yake. Katikati ya riwaya yake mlikuwa na kurasa kumi na sita za Musa, na yeye alizisoma zote, kwa sauti, akiwa amezungukwa na wanawake sita juu ya magunia ya viazi.

"Mimi nilijua tu Rehema ameokoka," akaniambia. "Nikasema sawa, wacha aokoke, hata mimi niliokoka nikiwa na mambo yangu. Lakini akaokoka kurasa kumi na sita, halafu ghafla yuko kwa baiskeli na mwanaume. Nikaona huyu amerudi nyuma haraka sana."

"Na wenzako walisemaje?"

"Mama Mboga wa pale mwisho aliguswa. Alinirudishia sufuria yangu aliyokaa nayo tangu mwaka juzi. Usinitolee hayo mahubiri mpaka nipate na ungo wangu."

Tulifungua vitabu vyote viwili, tukarudisha kila kikunjo kwao, na nikasoma. Nilisoma mchana huo, na kesho yake, na kesho kutwa, Mzee akishona mahubiri na mimi nikiwa nimekaa juu ya debe la gundi. Sheria yake ilikuwa kweli: sindano ilisimama. Ilisimama pale baiskeli ilipotoboka, Mzee akajiinamia mpaka paji la uso likagusa meza, mabega yanatikisika, na mimi nikadhani amepatwa na ugonjwa. Alikuwa anacheka. Nilisoma sentensi hiyo mara nne kwa amri yake. Lakini tulipofika pale harusi ya Rehema na Juma inakaribia na shangazi amejifungia ndani, amekataa kumpa Rehema baraka, Mzee aliacha kucheka. Akaweka sindano chini. Akachukua kikombe chake cha chai ya rangi, akapiga funda kubwa, akaenda mlangoni, akaipuliza nje: mara moja, mara mbili, mara tatu. Akamwombea shangazi moyo mweupe, kwa Kidawida, kwa jina lake lote. Kuku wa jirani alipata chai asiyoitaka.

Akarudi kukaa. "Soma."

Nikageuza ukurasa. Na hapo hapo, wanangu, mstari wa kwanza kabisa, shangazi anafungua mlango, amevaa khanga mpya, anauliza pilau ya harusi inapikwa na nani. Mzee Mwakima akaniangalia kama mtu aliyemtoa yule mama ndani kwa mkono wake. Hakuna aliyeweza kumshawishi vinginevyo mpaka anakufa, na mimi sikujaribu.

Ijumaa Mwalimu Mnjala alikuja kuchukua kitabu. Alipekua kikunjo cha nane, akaridhika, akaniambia amenisamehe lakini hajasahau. Akafika mlangoni. Akasimama. Akakohoa.

"Yule msichana," akasema, akitazama barabarani. "Wale wawili. Walifika? Si mimi nataka kujua. Ni akina mama, wamenisumbua wiki nzima."

Nikamsimulia yote, amesimama na kofia mkononi, na aliposikia shangazi amefungua mlango akavua miwani akaifuta tena.

Kuanzia hapo karakana yetu ilipata sheria mpya, na ndiyo nawaachia kama urithi wa kazi: soma mshono. Usiamini namba. Kila kikunjo unachoshona, soma kwa sauti mstari wa mwisho wa kilichotangulia na mstari wa kwanza wa kinachofuata, uone kama vinasalimiana. Mimi nilisoma, Mzee alisikiliza na kushona. Bila shaka hatukuishia kwenye mshono. Tulisoma vitabu vya kilimo cha viazi, maisha ya watakatifu, riwaya za wanafunzi zilizofichwa ndani ya majalada ya jiografia. Kazi zilichelewa. Tulisingizia gundi.

Mnaniuliza huwa nasomaje siku hizi. Nasoma kwa sauti, hata nikiwa peke yangu, majirani wamezoea. Nimeunguza ugali mara nyingi kuliko mtakavyounguza nyinyi maishani. Kitabu kikinikasirisha nakiweka chini, napiga funda la maji, naenda mlangoni. Mnanicheka, nimewaona. Jaribuni kwanza. Hata hizo mnazosoma kwa simu, zisizo na mshono wala harufu, zina shangazi waliojifungia ndani.

Miaka ilienda. Riwaya ya Mama Kanini ilirudi kwetu kila baada ya muda, imechanika upya, na kila mara Mzee aliikalia wiki moja zaidi ya lazima. Sikuuliza. Nilikuwa nimemwonyesha herufi chache alipoziomba, akiwa mkali kama mtu anayedai haki yake, halafu akaacha kuomba, nikadhani amechoka.

Siku aliyostaafu tulikuwa wawili tu, tumeshafagia. Akatoa kitabu kile kwenye mfuko wa koti. Akakifungua ukurasa wa mia na kumi na tatu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kidole kile kilichonyooka, na akasoma. "A-ka-vua vi-a-tu." Birika lilikuwa jikoni likichemka, na lilichemka mpaka likakauka, na hakuna aliyeinuka. Alisoma kurasa zote kumi na sita. Kwenye baiskeli alilazimika kusimama, kwa sababu mimi nilikuwa nimeinamia meza na yeye hawezi kusoma akicheka. Shangazi akakoroma, Juma akanyoosha mikono, na kiuno kikafika, na Mzee akakisoma herufi kwa herufi bila kuona haya.

Aliniambia nisimsimulie mtu mpaka yeye na Mwalimu Mnjala wawe wameondoka duniani. Wote wawili wameondoka, kwa hivyo nimewasimulia.

Alipomaliza ukurasa wa mia na ishirini na nane alifungua jalada la nyuma, pale penye alama yake ya zamani. Akachukua penseli nyekundu, akaweka nyingine kando yake.

"Sasa," akasema, "nimekagua mimi mwenyewe."